Visu vya Kuzuia Mvua

Jumatano, 17 Septemba

Harusi Jumamosi. Wageni mia mbili arobaini, bustanini, mbele ya jumba la kale la mabwana wa mashamba ya miwa. Mawingu yamekaa mlimani tangu juzi. Nabor, mwenye kukodisha viti na mahema, kashauri lisimamishwe hema kubwa. Doña Ofelia, mama wa bibi harusi, hataki hata kusikia. Hema litaficha jumba, na jumba ndilo lililomtoa Jiji la Mexico. "Hema la nini, na Chayo tunaye?" akasema, na wote wakanigeukia.

Miaka kumi na sita nachomeka visu mimi. Viwili, kwa mfano wa msalaba, ncha ardhini, na mvua inapita mbali. Sharti mchomekaji awe msichana asiyemjua mwanamume. Baba, mlinzi wa jumba, hunisifia kwa kila mgeni. Nabor alikuwa anatazama viatu vyake. Na atazame!

Alhamisi, 18 Septemba

Sikulala. Tangu Juni mimi si wa kuchomeka visu. Nabor anasema tungoje mavuno yapite ndipo aje kwa baba kuniposa. Mavuno gani? Ana viti, hana shamba.

Nikamfuata shangazi Amparo jikoni. Miaka sabini na moja, hakuolewa. Nikamwomba achomeke yeye safari hii, mimi mgongo unaniuma. Akanitazama. "Mgongo, mwanangu?" Kisha, akikoroga mchuzi wake wa mole: "Mimi usinitegemee. Tangu mwaka 1973."

Ijumaa, 19 Septemba

Nimevichomeka. Baba kasimama pembeni kama yuko kanisani.

Saa kumi jioni, manyunyu. Baba kasema ni umande. Umande, saa kumi jioni! Namwonea huruma, na najichukia.

Jumamosi, 20 Septemba

Naandika nikiwa stoo ya vitambaa vya meza, daftari magotini. Asubuhi mlima hauonekani. Nikashindwa kuvumilia. Nikamwendea doña Ofelia, rola za nywele bado kichwani mwake: simamisheni hema. Akauliza kwa nini, visu si umechomeka? Mbele ya wapambaji, mbele ya baba. Nikasema nimechomeka, ila havitafaa kitu. Akauliza tena kwa nini.

Baba ndiye aliyeelewa kwanza. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nabor akaweka chini viti alivyobeba, akavua kofia, akamwendea baba. Nami nikakimbia, mwoga mkubwa.

Huko nje wanapigilia vigingi vya hema. Katikati ya nyundo namsikia Nabor, kisha baba, chini chini. Siambulii neno. Mvua bado.

Nyundo zimenyamaza. Baba ananiita. Si Chayo — jina lote la ubatizo, María del Rosario, na sauti yake siijui ni ya hasira au ya msamaha. Naenda.