Ndama Mweusi wa Mama Minza

Jumatatu, 4 Mei
Nasahihisha ripoti za jenetiki tangu asubuhi. Umeme umekatika mara mbili. Chai imepoa. Niliwapa wanafunzi fomu wajaze ukoo wa mifugo ya nyumbani kwao, rangi kwa rangi, mama na dume. Wengi wameleta kuku. Mmoja kaleta paka.

Minza kaleta ng'ombe wa mama yake, huko Didia. Kazi nadhifu mno. Mstari wa mwisho: dume mwekundu, jike mwekundu, ndama mweusi. Haiwezekani. Wekundu wawili hawazai mweusi, nimelisema hilo darasani mpaka koo likakauka. Amepika data.

Jumanne, 5 Mei
Nimemwita ofisini. Shikamoo, macho chini. Kuna dume mwingine bomani? Hakuna, ni huyo mmoja. Basi ndama mweusi katoka wapi?
"Mama ndivyo alivyonitajia kwenye simu, mwalimu."
Basi. Nikauona ujeuri. Muhula uliopita kuna waliopika data nikawaamini, mkuu wa idara akanicheka mbele za watu. Safari hii sichekwi. Nimeandika barua kwa kamati ya nidhamu na kuisaini kabla ya chakula cha mchana. Wakimkuta na hatia, chuo basi. Wanakaa Alhamisi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 7 Mei
Minza hakuja darasani. Mama yake kapiga simu. Nilijiandaa kwa machozi. Hakulia.
"Mwalimu, ng'ombe wangu wapo. Njoo uwaone."
Akakata. Nimekasirika. Halafu nikakosa raha. Mimi ni mtoto wa Morogoro mjini, kwetu tulifuga bata. Ng'ombe nawajua kwa kitabu.

Jumamosi, 9 Mei
Nimekwenda Didia. Bodaboda, vumbi hadi kwenye meno. Mama Minza kanipokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila, mayu," kanipa kigoda, kisha kaanza kunitajia ng'ombe mmoja mmoja. Huyu mama yake fulani, bibi yake fulani, alizaliwa mwaka wa njaa, huyu mkorofi. Hana karatasi. Nilifuata kwa kidole kwenye ripoti. Hakuna kosa hata moja.

Ndama mweusi yupo. Alikuwa anatafuna mkanda wa mkoba wangu. Mama yake mwekundu kweli. Dume wao mwekundu kweli. Nikauliza, basi tu niseme kitu, kama jike huyo alizaliwa hapo.

"Huyo? Huyo wa mahari ya Kabula, dada yake Minza. Kaja Agosti."
Ndama kazaliwa Januari. Nikahesabu kwa vidole. Miezi mitano. Ng'ombe hubeba mimba miezi tisa.
"Mama Minza, alikuja na mimba?"
"Ee. Si ndiyo bahati yetu?"
"Mbona fomu inasema baba ni dume wenu?"
Kanitazama kama mtoto asiyeelewa.
"Ndama kaangukia kwenye boma langu, mwalimu. Ni wa hapa, na baba yake ni dume wa hapa. Nitaandikaje dume wa watu?"

Minza alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama. Naye hakujua. Agosti alikuwa kwenye mafunzo ya vitendo Mwanza. Akampigia shemeji yake, mchimbaji wa Geita, aliyemnunua jike huyo kwa mfugaji wa kule. Kabla sijaondoka picha ikaingia kwenye simu: dume wa yule mfugaji, mweusi tii. Nikacheka peke yangu njia nzima, bodaboda akanigeukia mara mbili. Nilipofika mjini, Kambarage, nikaikumbuka barua. Kicheko kikaisha.

Jumatatu, 11 Mei
Nimekwenda kuiondoa barua. Haiondoki. Ikishapigwa muhuri, maelezo ni mbele ya kamati. Nimejidharau. Siku tatu hizi zinamla mtoto wa watu kwa sababu ya haraka yangu. Haraka haraka haina baraka, na mimi ndiye ninayewahubiria wanafunzi.

Alhamisi, 14 Mei
Nilisimama mimi kabla hawajamwita. Nikasema mwenye kosa ni mimi: fomu yangu haikuuliza ng'ombe katoka wapi, na mimi sikuuliza vizuri. Nikawasimulia jike wa mahari ya Kabula, nikawaonyesha picha. Mwenyekiti, Msukuma wa Maswa, akaitazama kwa makini, akauliza kwanza kama mahari ya Kabula ilikamilika. Kikao kizima kikacheka. Faili likafungwa.

Minza alikuwa kwenye benchi nje, mikono katikati ya magoti. Nikamwambia yameisha. Nikamwomba radhi. Akaitikia "asante mwalimu," kisha akaketi sakafuni na benchi lipo. Nami nikaketi hapohapo na gauni langu la kikao. Sikumbuki lini nilifurahi hivyo kuwa nimekosea.

Ijumaa, 22 Mei
Mvua kidogo, ya kuagia msimu. Nimeandika fomu upya. Safu mpya: jike alifika lini, kutoka wapi.

Minza kaleta ripoti iliyorekebishwa. Mstari wa mwisho kaugawa:
Aliyempanda jike: mweusi, wa Geita.
Baba wa ndama: mwekundu, wa hapa.

Kwa kanuni za somo, mstari wa pili ni wa kukata. Nilishika kalamu nyekundu kwa muda. Nimeuacha. Nimempa alama zake zote, nikafungua ripoti inayofuata. Ya paka.