Kibati cha Mwisho Ulichosugua

Mama yangu,

Profesa ameniomba nikikate kibati cha mwisho kati ya vile sita ulivyosugua. Nilimwomba siku mbili. Sikumwambia kwamba nataka ruhusa yako kwanza, na wewe tumekuzika kule nyumbani Baraka tangu mvua zilizopita.

Unakumbuka likizo ile nilipotoka Bukavu na karatoni ya viatu imejaa vibati vya nikeli? Ulicheka, ukauliza kama université siku hizi wanafundisha kuezeka nyumba. Nikakueleza kwamba maji yakipitishiwa umeme yanaachana, oksijeni inatoka upande huu na hidrojeni upande ule, na hidrojeni inawaka, siku moja watu watapikia hiyo bila kuni. Shida ni kwamba metali zinazorahisisha kazi hiyo ni za bei ya kutisha. Mimi nilijaribu nikeli ya kawaida, niliyoipaka utando mweusi wenye chuma. Wewe ulishika neno moja tu, kuni, maana moshi wake ulikuwa umekumaliza kifua.

Jumapili natoka misani, nakuta vibati vyangu vimeanikwa kichanjani pamoja na masahani, vinang'aa. Ulikuwa umevipeleka ziwani na masufuria, ukavisugua kwa mchanga na majivu. Kazi ya wiki tatu ilikuwa imekwenda na maji. Nilikupigia kelele mbele ya majirani, mama. Nilisema hukusoma, hujui kitu. Ukanijibu taratibu, "We mutoto, kitu ya kazi inasuguliwa. Ile ilikuwa bichafu." Kisha ukanipakulia bugali, nami nikasusa.

Kwa kukosa vingine, nilivipaka tena vilevile. Utando wa kwanza ulikuwa ukibanduka baada ya siku chache kama magamba ya samaki. Huu ulishika. Mapovu yalipanda wiki baada ya wiki, kwa umeme mdogo kuliko mwanzo. Profesa akauliza nani aliviandaa. Nikasema, "Ni mimi." Ulikuwa hai bado, tulikuwa tunapigiana simu kila Jumapili, na sikukuambia.

Tangu hapo nimesugua vingine vingi. Nimetumiwa mchanga wa ziwa letu kwenye mfuko, nimetafuta majivu, nimesugua hadi vidole vikachubuka. Kwa vyote utando unabanduka. Sijui ulikandamiza namna gani, sijui ulizungusha mkono ama ulivuta. Utoto wangu wote nilikaa pembeni yako ukisugua masufuria, na sikuangalia. Vitano vimeisha kwenye majaribio. Hiki kimoja bado kina mikwaruzo ya mkono wako, na profesa anataka kuiona kwa hadubini, hadi ndani.

Nilifikiria kukificha, kusema kimepotea. Halafu nikakumbuka sufuria ya harusi ya shangazi, ile aliyoitundika ukutani isije ikaungua. Ulimwambia, "Sufuria ya kutundika haipike bugali." Alinuna siku nzima.

Basi leo asubuhi nimemwendea profesa, nimemwambia yote: ni mama yangu, alidhani ni vichafu, nami nilimtukana. Amenisogezea daftari. Pale palipoandikwa jina la aliyeandaa vibati, nimefuta langu, nimeandika lako.

Kesho nakikata mwenyewe, polepole. Unisamehe maneno yale, mama, na bugali ule niliouacha ukapoa.

Pumzika.

Ni mimi, mwana wako ambaye bado hajui kusugua