Mushipa wa Shingo ya Muzee Kasongo

Mama yangu mupendwa,

Jambo kwako, jambo kwa Papa. Miye niko muzima, ni baridi tu inaniuma masikio. Na weye huko Kashikishi, goti limepoa? Uvuvi umefunguliwa, ao mungali munangoja?

Unajua kazi yangu hapa Liege ni kusukuma vitanda vya wagonjwa ku lupitalo. Wiki iliyopita nilisukuma kitanda cha muzee wa kwetu, muzee Kasongo, aliyekuja kuishi kwa mwanawe. Aliposikia ninamupa pole, akanishika mukono. "Weye mutoto wa wapi?" Nikamujibu: Kashikishi. Akacheka: "Ku samaki ya chumvi! Basi usiniache peke yangu na hawa."

Mushipa wa shingo yake, ule unaopandisha damu ku kichwa, ulikuwa umezibika karibu wote. Mara mbili jicho lake liliingia giza, kama mutu ameshusha pazia, kisha likafunguka. Munganga wake, mama mumoja muzungu anayetembea mbio-mbio, anafanya utafiti juu ya ugonjwa huo. Kuna njia mbili: kupasua shingo na kusafisha mushipa, ao kupitisha waya toka ku paja mpaka shingoni na kuacha humo kabomba kadogo ka wavu wa chuma, kanakoshikilia mushipa ukae wazi. Anayekubali kuingia ku utafiti, kompyuta ndiyo inamuchagulia njia.

Walileta mukalimani ku telefone. Alisema Kiswahili cha pwani, muzee akanuna: "Huyu anasoma habari ya radio." Ndipo nikaitwa miye.

Muzee akauliza: "Docteur, njia ya muzuri ni gani?"

"Sijui bado," munganga akajibu. "Ningejua, nisingefanya utafiti."

Mama, sijawahi kusikia munganga akisema hajui! Nilifikiri muzee atavaa viatu aende zake. Alimutazama sana usoni, kisha akaniambia: "Huyu hanidanganyi. Leta kalamu."

Kompyuta ikachagua waya. Hawakumulaza usingizi. Walimupa mukononi bata wa mupira, wa watoto, anayelia ukimubonyeza. Akiweza kubonyeza, wanajua damu inafika ku ubongo. Miye nilisimama karibu na kichwa chake.

"Bonyeza, muzee." Kwi!

Wakajaza kapurizo kadogo, kama puto, ndani ya mushipa ili kuupanua. "Bonyeza, muzee." Kimya. Nikarudia. Kimya. Munganga hakupiga kelele, alikalegeza tu haraka kale kapurizo. Mara, kwi! Na muzee akasema: "Munanisumbua nini? Nilikuwa nasali."

Baadaye munganga aliniuliza: alikuwa anasali kweli, ao damu ilikatika? Hatukujua. Akaandika hivyo hivyo ku karatasi yake: haijulikani. Muzee alitoka siku ya tatu kwa miguu yake, akilalamikia chakula.

Sasa sikia, Mama. Papa alinisimulia kwamba akiwa Kabuta, katikati ya kupima samaki, jicho moja lilizimika, kisha likarudi. Alicheka, nikacheka naye. Leo sicheki. Nilimuambia munganga, naye akaketi, yeye asiyeketi. Alisema Papa apelekwe ku lupitalo wiki hii, apimwe presha, wamusikilize shingo. Pengine ni dawa tu itatosha. Lakini asiseme imekwisha kwa sababu jicho limefunguka.

Telefone ya nyumbani anaishika Papa, atacheka tena. Ndiyo maana barua hii nimeipiga picha na kuituma kwa kaka yangu mukubwa, yaya Mulenga, akusomee wakati Papa hayupo. Musalimie yaya na muke wake, na mama mudogo Chola anayekausha samaki pamoja na huyo muke, na pasta wetu.

Papa akikataa kwenda, musibishane. Muulize tu lilikuwa jicho gani, la kuume ao la kushoto. Munganga aliniuliza hivyo, maana jicho ndilo linaonyesha upande wa mushipa wenye shida; miye, mutoto wake, nilikuwa nimecheka tu bila kumuuliza.

Binti yako,
Estha