Fataki Nzuri Ulizowawekea Nguruwe

Kwako shemeji, muramu wangu, mbishi wa Makere,

Salamu sikupi. Hali yako siulizi, maana uko nyuma ya migomba nilipokufukia mwenyewe, na udongo ule ulikuwa mgumu kama kichwa chako. Mimi niliishia darasa la tatu, vumilia mwandiko. Nina hasira na wewe, na nikija kukupigia kelele kaburini majirani watasema mzee amerukwa na akili.

Unakumbuka tulivyokuwa tukichambua fataki za gobore barazani kwako? Ulikuwa unavimwaga vile vikofia vya shaba vya kuwashia baruti kwenye ungo wa dada yangu, mkeo, kama mtu anayechambua maharage. Unakigeuza kimoja juani, unachungulia ndani, unanusa. Kikavu, kinang'aa: kopo la kahawa. Chenye kutu na unyevu: mfuko wa shati.

"Za kopo ni za nguruwe pori," ulisema. "Hizi mbovu zinamtosha nyani. Nyani hata umkoholee anakimbia."

Nikakuambia, "Muramu, gobore halijui mbele yake kuna nani."

"Wewe chunga mbuzi, bunduki niachie mimi!"

Nikaendelea kuchambua, kwa sababu wewe ndiye uliyenifunza. Siku ile gobore langu lilipogoma kule Rungwe Mpya, nikataka kulishusha nilichungulie, ulinikamata shingo kama kuku. "Likigoma, lisubiri! Moto unaweza kuwa bado unatembea ndani." Tukasimama, mdomo wa bunduki porini, na wewe unanitukana mpaka babu yangu.

Sasa niambie, fundi. Asubuhi ile ya nyani, mwaka ule Kakonko ilipokatwa kutoka Kibondo ikawa wilaya, nani alikukamata shingo wewe? Ulichomoa fataki ya mfukoni. Kinyundo kikapiga, ta, kimya. Nyani wakakaa wanakutazama, mahindi mdomoni. Ukaona aibu. Aibu ya nyani! Ukaligeuza gobore ulikague, na moto ukafika kwa wakati wake. Mimi nilikuwa ng'ambo ya shamba. Nilipiga kelele. Sijui kama ulisikia.

Mazikoni katekista alisema Bwana amekuita. Nilitaka kusimama nimwambie hakuitwa mtu hapa, bahili huyu amejipeleka.

Tangu hapo nyani wamejua shamba la dada halina mwanamume. Wanavuna mchana kweupe kama wameoa humo, na yeye hana chakula kingine. Juzi nimekwenda na gobore langu, fataki zimeniishia. Dada akaingia ndani, akatoka na kopo la kahawa. Limejaa, shemeji! Kavu, zinang'aa kama siku ulipozichagua.

"Alisema hizi ni za nguruwe," dada akasema, kopo hataki kuliachia.

"Nguruwe mwenyewe tumeshamzika."

Akacheka, halafu akalia, halafu akaliachia.

Nikachagua iliyo nzuri kuliko zote, ile ambayo wewe ungeilaza kitandani na kuifunika blanketi. Nikawapigia nyani. Imelia papo hapo. Wametawanyika mpaka mtoni. Kesho nitawapigia nyingine, na keshokutwa, mpaka kopo libaki tupu.

Nguruwe wakija, nitawakoholea.

Lala huko, mjinga wangu.

Mimi muramu wako, niliyekufukia na bado hufukiki.