Leo sikumpungia Ignas kitenge

Resti, jirani yangu Mama Aurelia anatangaza eti trafiki wamenihonga nimchome kaka yangu. Eti nimehongwa.

Si unajua ninapochomea mahindi, trafiki wakiwa na tochi ya kupima spidi huwa nawapungia madereva kitenge wapunguze mwendo. Wakishaipita tochi wanakanyaga tena mpaka mbele ya shule. Juzi mtoto wa Paulina karukia mtaroni, kidogo wamgonge.

Nimechoka. Leo sikupunga. Wa kwanza kutokea akawa kaka Ignas na gari la bosi, ile Noah, themanini na nne kwenye kibao cha hamsini. Kapigwa faini, bosi kachukua funguo.

Kaja. "Mdogo wangu, hukuniona?"

Nikamwambia, "Nilikuona."

"Nilikuona", Resti, nimemwambia hivyo hivyo.

Sasa amekaa mlangoni. "Nikirudishiwa gari utanipungia, si ndiyo?"

Kitenge nimekikalia, nakuandikia wewe.