Mchanga wa Mukendi

Élisabethville, Jumatatu, 3 Machi 1952
Chaki imekwisha tena. Jumamosi tunaanza kutazamana: mmoja anafundisha, mwenzake anakaa nyuma na kuandika kinachofaa. Padri mkaguzi atakiingiza katika daftari la shule zote za misheni. Kisichoandikwa na mwenzako hakiingii. Nimepangwa na Mukendi, yule wa Kasai mwenye viatu vya kung'aa. Sipendi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimekaa kwenye benchi la watoto, magoti kidevuni. Mukendi amejaza mchanga mwekundu katika visanduku vya sabuni. Watoto wanaandika herufi kwa kidole, wanafuta, wanaandika tena. Hakuna chaki inayopotea. Hakuna anayeogopa kukosea. Hata Kasongo, mtoto niliyeshindwa kumfundisha mwaka jana, ameandika jina lake lote.

Wivu umenikaba. Mimi huu ni mwaka wangu wa tisa wa ualimu, yeye wa tatu tu. Kwenye karatasi nimeandika: "Sauti yake inasikika vizuri." Basi.

Jumanne, 11 Machi
Sijuti. Mke wangu anasema nimenuna. Nimemwambia ni tumbo.

Mukendi amenisalimia mara mbili leo. Anajua? Hajui.

Jumamosi, 15 Machi
Zamu yangu. Hesabu za kutoa. Chaki ilinianguka. Mukendi nyuma, anaandika tu. Karatasi mbili nzima! Ananimaliza huyu.

Jumamosi, 22 Machi
Padri amesoma karatasi zote mbele ya walimu. Ya Mukendi kwanza: "Mutoto akikosa, mwalimu Ilunga hapigake kelele. Ananyamaza, anangoja, mpaka mutoto anajisahihisha mwenyewe. Mimi siwezi kungoja vile."

Sikujua kwamba nangoja.

Kisha yangu. Sauti inasikika vizuri. Mtu mmoja alicheka. Padri akageuza ukurasa. Kungoja kwangu kumeingia daftarini. Mchanga haumo. Mukendi alikuwa anatazama kofia yake magotini. Nilikuwa na mdomo, sikusema. Mwoga mimi.

Jumatatu, 24 Machi
Nimekwenda misheni kusema ukweli. Padri amepanda treni ya Sakania asubuhi. Daftari amekwenda nalo.

Alhamisi, 27 Machi
Leo nimeleta mchanga darasani. Herufi zilikuwa zinabomoka. Mukendi alipita mlangoni, akaona, akasimama.

"Weka mayi kidogo, mwalimu. Herufi itakamata."

Nimetia maji. Ni kweli, herufi zinakaa. Naandika hapa, kwa kuwa kule sikuandika.