Neno Ninalo Kuhusu Nyumba ya Ziwani

Baba Adelina,

Maharage yako jikoni, yaongezee maji yasiungue. Kuku wafungie mapema.

Naondoka na basi la Kigoma. Asubuhi nilikuwa naanika nguo nyuma ya dirisha, nikakusikia ukimwambia dalali kwenye simu, "Tunachukua ile ya Kibirizi. Mama hana neno."

Neno ninalo, Leodgar. Tulikubaliana nyumba ya Ujiji, kwa sababu dada yangu Agnetha yuko pale peke yake na macho yake yanazidi kufifia. Kibirizi umeipenda kwa vile boti zinatia nanga karibu na mlango na utapata watu wa kupiga nao soga. Hata hilo ningelielewa, kama ungeniuliza. Shamba la Itetemia tulilouza tupate hela ya nyumba tulililima wote wawili.

~~Nitarudi kesho.~~ Nitarudi nikishaziona nyumba zote mbili. Dalali nimempigia, nikamwambia bila sahihi yangu hakuna mauziano. Ameniomba radhi. Wewe bado.

Kama bado unaitaka Kibirizi, panda basi uje uniambie mimi. Nitakuwa kwa Agnetha.

Mama Adelina